Pasaka Bagamoyo: vyumba nyota mbili, jikoni nyota tano

Jina la sehemu silitaji, sitaki ugomvi na mtu, alafu yule mama wa jikoni bado yupo kazini pale nisije nikamharibia. Jueni tu ni loji ya kawaida Bagamoyo mjini, siyo zile kubwa za ufukweni za wazungu, ni ya kati, vyumba kama kumi na kitu, ua wa mchanga, miembe miwili, na bwawa la kuogelea ambalo nitalisemea mbele. Tulikaa familia nzima Pasaka ya 2025, tukaingia Ijumaa Kuu tarehe 18 Aprili tukatoka Jumatatu tarehe 21. Nimechelewa kuandika kwa sababu kwanza nilikuwa na hasira, alafu ile Jumatatu yakatokea yaliyotokea hasira zikaniishia, sa hivi nimeona tena wameanza kurusha tangazo lile lile la Pasaka nikasema hapana, acha niseme.

Tangazo lenyewe nililiona Instagram. Pakeji ya Pasaka, usiku 3, watu wanne, laki 6 na nusu, chakula chote ndani, bafe siku ya Pasaka, mayai ya Pasaka kwa watoto, muziki laivu. Na picha ya sungura mweupe kakaa kwenye kikapu, nyuma nyasi za kijani na maua ya njano ambayo Mkoa wa Pwani wote sijawahi kuyaona na nimeishi huku miaka kumi na sita. Pasaka ya wenzetu Ulaya inaangukia baridi linapoisha, miti inachipua, kwahiyo maua na vifaranga vinaendana na habari. Pasaka yetu huku ni masika, inaangukia kwenye matope, na ndo tulivyofika, mvua inapiga toka Bunju, daladala za Makumbusho zimekwama Mapinga huko, tumetumia masaa matatu kwa safari ambayo siku ya kawaida ni saa moja na nusu. Hilo silihesabu kwao maana mvua si yao.

Mi nilitaka Bagamoyo kwa sababu moja tu, mkesha wa Pasaka wa pale misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika pale 1868 wakitokea Zanzibar, wakawakusanya watu waliokombolewa utumwani wakawajengea kijiji, na Ukatoliki wa huku bara ndo ukaanzia hapo ukapanda kwenda Morogoro, Kilimanjaro na kwengine. Na Machi mwaka huo huo wa 2025 Papa Francis ndo alikuwa ametangaza Bagamoyo kuwa jimbo la Kanisa, kabla ya hapo eneo lake sehemu lilikuwa chini ya Morogoro na sehemu chini ya Dar. Kwahiyo hii ilikuwa Pasaka ya kwanza ya jimbo jipya, nikamwambia baba watoto mwaka huu siyo Coco Beach, mwaka huu tunaenda tunalala huko huko. Yeye ni KKKT, Mlutheri, mtu wa Machame, akasema sawa ila nisimlazimishe kukaa ibada ya masaa manne. Nikamwambia tutaona.

Ijumaa sasa.

Tumeingia getini saa 6 mchana, kitu cha kwanza nasikia ni spika. Dijei anajaribu vyombo, singeli, mpaka kifua kinatetemeka. Kwenye ubao wa mapokezi wameandika kwa chaki za rangi, IJUMAA: MBUZI CHOMA NAITI + DIJEI, PASAKA NJEMA. Nikasimama nikausoma mara mbili. Meneja kijana mzuri tu, shati jeupe, anatabasamu, anatukaribisha karibuni sana mama, sikukuu imeanza. Nikamwambia baba yangu, leo siyo sikukuu. Akashangaa kweli, siyo kwa kejeli, akaniuliza si ndo Pasaka mama?

Jamani. Mtu unauza pakeji ya Pasaka alafu hujui Ijumaa Kuu ni nini. Ijumaa Kuu ni msiba. Ndo siku ambayo kwetu Wakatoliki hakuna misa, ipo ibada lakini siyo misa, altare inakuwa tupu haina hata kitambaa, kengele zimenyamaza toka Alhamisi usiku kwenye wimbo wa Utukufu, tunagonga mbao badala ya kengele. Nyama hakuna. Kula ni mlo mmoja kamili na vidogo viwili vya kusukumia siku. Nikamuuliza we kijana, ukienda kwenye msiba unamkuta mfiwa unampelekea dijei na mbuzi? Akacheka kidogo, akasema mama wageni wengine wameshalipia. Na kweli walikuwepo wageni wengine kutoka Mbezi huko ambao walikuwa wanamsubiri huyo mbuzi kwa hamu, mtu na imani yake siwasemi, ila msiliite Pasaka basi, liiteni wikiendi ndefu watu tukaelewa.

Baba watoto wakati huo jicho lake liko kwenye jiko la mkaa.

Nilikuwa tayari kudai hela yangu. Ndo akatoka jikoni mama mmoja mtu mzima, mtandio kichwani, kanga kiunoni, mikono ina unga, akatuangalia watoto na rozari shingoni akasema nyie wa misheni nyie, msihangaike na hawa vijana, nimewawekea samaki. Nikamwambia shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Alafu akaniuliza swali ambalo nilishindwa nilijibu nini, akasema mnakula sa hivi kabla ya kwenda kanisani au mnakula mara moja jioni mkirudi?

Yani meneja hajui leo ni siku gani, mama wa Kiislamu anajua mpaka tunakula mara ngapi. Akaniambia amewapikia watu wa misheni toka msichana, wageni wao, semina zao, anajua Jumatano ya Majivu ni lini kuliko waumini. Na mwaka huo Ramadhani ilikuwa imeanza mwanzoni mwa Machi, Kwaresima ikaanza tarehe 5 Machi, akasema mwaka huu si tumefunga pamoja, sisi tumemaliza nyie bado mnamalizia.

Tukala jioni. Changu wa kukaanga kwanza alafu akapakwa nazi nzito yenye ndimu na pilipili mbuzi, ugali, mchicha wa nazi, bamia kidogo. Samaki alikuwa wa siku hiyo hiyo kutoka pale soko la samaki, unamjua kwa nyama inavyoachana na mwiba yenyewe bila kuvutwa. Nimekula samaki wa hoteli nyingi Dar, Kigamboni, Zanzibar, huyu namuweka wa pili, wa kwanza ni wa marehemu mama mkwe wa dada yangu Kilwa. Baba watoto alikula wawili akasahau mbuzi.

Kabla ya hapo saa 9 alasiri tulikuwa kanisani, saa 9 maana ndo saa aliyokata roho. Wanasoma Mateso kama yalivyo kwa Yohane, ndefu, mnasimama, ikifika pale anapokufa mnapiga magoti kimya. Alafu kuabudu msalaba, foleni ya watu wote wanaenda mmoja mmoja, wengine wamevua viatu, bibi mmoja mbele yangu alishikiliwa na mjukuu, akainama akabusu miguu ya msalaba akakaa pale muda mrefu mpaka foleni ikasimama na hakuna hata mtu aliyemharakisha. Mtoto wangu mdogo wa miaka 6 akaninong'oneza, mama huyu bibi analia kwa nini na Yesu anafufuka keshokutwa. Sikuwa na jibu la haraka.

Tumerudi loji, singeli.

Vyumba nipite haraka maana hakuna cha kukaa nacho. Kitanda kizuri, shuka safi, hapo nawapa haki yao. Kiyoyozi kinadondosha maji, wameweka ndoo chini, usiku mzima to, to, to. Neti ina tundu nililoziba kwa soksi ya mtoto. Maji ya moto kwenye bomba la chumba cha watoto yapo, kwetu hayapo, tukawa tunahamia huko kuoga. Bwawa ambalo kwenye picha ni bluu, pale lilikuwa kijani kama mlenda, na chura anaogelea katikati bila wasiwasi. Mtoto akauliza ndo huyu mnyama wa Pasaka? Sungura wa kwenye tangazo hakuwepo wala harufu yake, chura ndo alikuwepo.

Kuhusu huyo sungura, Jumamosi ndo ilikuwa siku yake. Walitangaza saa 4 asubuhi watoto wote uani kupaka rangi mayai. Wazo zuri. Wakaleta trei mbili za mayai meupe ya kuku wa kisasa na rangi za chakula kwenye vikombe vya plastiki, na msichana wa mapokezi kavaa masikio ya sungura ya karatasi, maskini anaona aibu mwenyewe. Kasoro moja, hawakuyachemsha. Yai la kwanza likapasukia mkononi kwa mtoto wa wale wa Mbezi, la pili likapasukia kwenye gauni jipya la binti yangu, gauni la Pasaka lenyewe, jeupe, limeshonwa Kariakoo, alilivaa Jumamosi kwa kunisumbua toka asubuhi. Ute wa yai na rangi nyekundu. Nililoweka chumvi usiku huo na mpaka leo doa lipo.

Watoto wakawa wananiuliza sasa, mayai na Yesu wapi na wapi. Nikawaeleza nilivyoelezwa na mimi. Zamani Ulaya Kwaresima haikuwa kuacha nyama tu, na mayai yalikuwa marufuku, siku arobaini. Sasa kuku hajui Kwaresima, anaendelea kutaga, kwahiyo Pasaka ikifika nyumba imejaa mayai, unayachemsha, unayapaka rangi, unagawa. Waorthodoksi wanayapaka rangi nyekundu, damu ya Kristo, alafu wanagonganisha, ganda linavunjika kama kaburi lilivyofunguka. Hiyo ina maana yake. Sungura yeye ni mambo ya Wajerumani, kwenye maandishi anaonekana miaka ya 1600 huko, sungura anayewafichia watoto mayai, na hakuna mahali Injili inamtaja. Na hao hao Wajerumani walikaa Bagamoyo hapa hapa, ndo ilikuwa makao makuu yao mpaka 1891, wametuachia boma na makaburi, sungura wakaondoka naye, sasa sisi wenyewe tunamfuata Instagram.

Ila mayai mi nayapenda kwa sababu nyingine. Nimekulia Peramiho, na bibi yangu alikuwa akifua kwa masista wa Kibenediktini, wao ndo walimfundisha kupaka mayai kwa maganda ya vitunguu. Basi nilivyoona yale mayai ya trei ya pili yamebaki yatima pale uani na watoto wanalia, nikayabeba nikaenda nayo jikoni kwa yule mama. Nikamwambia mama una maganda ya vitunguu maji? Akasema mwanangu leo nimemenya kilo sita za bafe, chagua mwenyewe.

Tukafanya hivi. Unachukua jani la giligilani, lile dogo lenye vidole, unalilaza kwenye yai lililolowa, unalivalisha soksi nyembamba ya kike unaikaza na uzi ili jani lisicheze. Maganda ya vitunguu yanajaa sufuria, maji, vijiko viwili vya siki, unatumbukiza mayai, moto mdogo kama dakika ishirini alafu unayaacha yapoe humo humo. Ukitoa soksi, yai limekuwa rangi ya matofali, ile nyekundu ya udongo wa kwetu, na pale jani lilipokuwa pamebaki peupe, jani zima na mishipa yake. Ukilipaka mafuta kidogo kwa kitambaa linang'aa. Yule mama alilishika la kwanza akaligeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha akasema kumbe yai nalo linavaa kitenge. Tulitengeneza manane, soksi zikaisha. Watoto wa Mbezi walipewa yao, binti yangu la kwake akalilalia chini ya mto mpaka nikamnyang'anya.

Ndo hapo tukaingia habari ya mwezi. Akaniuliza kwa nini Pasaka yenu inahama hama, Krismasi mbona imekaa. Nikamwambia inafuata mwezi, ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia tarehe 21 Machi, na ilikubaliwa kwenye mtaguso wa Nikea, mkutano mkubwa wa maaskofu, mwaka 325 kwamba wote wafanye siku moja, 2025 ilikuwa imetimia miaka 1700 kamili, na kwa bahati mwaka huo mpaka Waorthodoksi ambao kalenda yao inatofautiana na yetu tukaangukia siku moja. Akacheka yule mama mpaka akaweka mwiko chini. Kumbe na nyie mnaangalia mwezi! Miaka yote mnatucheka sisi, umeonekana haujaonekana, kumbe na nyie!

Mkesha siwezi kuuweka kwenye rivyu ya loji lakini bila huo laki 6 na nusu yangu haina maana kwahiyo nivumilieni. Taa zote zimezimwa, watu wamesimama nje gizani, mvua imekata, ardhi inanuka mvua. Wanawasha moto mpya. Padri anachora mshumaa mkubwa, msalaba, Alfa juu, Omega chini, tarakimu nne za mwaka, 2 na 0 na 2 na 5, alafu chembe tano za ubani kwenye msalaba, madonda matano. Mshumaa unaingia kanisani gizani mbele ya watu wote, anaimba Mwanga wa Kristo, watu Tumshukuru Mungu, mara tatu kila mara sauti inapanda, na moto unapita mshumaa kwa mshumaa mpaka unageuka nyuma unaona nyuso tupu zinaelea. Alafu Mbiu ya Pasaka, alafu masomo, kuumbwa kwa dunia, Isaka, Bahari ya Shamu. Baba watoto kwenye somo la nne akaniangalia. Nikaangalia mbele.

Lakini ikifika Utukufu, jamani. Kengele ambazo hazijalia toka Alhamisi zinalia zote, taa zinawaka, kayamba, ngoma, vigelegele kutoka kwa wale kina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, watu wanatoa machozi, na Aleluya ambayo hujaitamka siku zote za Kwaresima unaiimba mpaka koo linauma. Mtu wangu wa Machame alikuwa anapiga makofi. Sikumwambia kitu, namtunzia.

Tumetoka karibu saa 6 usiku, mwezi nusu ndo kwanza unachomoza upande wa bahari, tumefika loji geti limefungwa na kufuli na askari kalala. Tumegonga dakika kumi. Nililipa pakeji ya Pasaka, nikasema mapokezi toka mchana kwamba tunaenda mkesha, hakuna aliyemwambia askari. Hii ni kasoro ambayo siwezi kuisamehe kwa loji inayojitangaza kwa sikukuu ya Wakristo, mkesha unaitwa mkesha, watu watarudi usiku. Alipofungua akauliza kwa usingizi mnatoka wapi saa hizi na watoto, baba watoto akamjibu makaburini, hatujamkuta. Askari akarudi nyuma hatua mbili.

Na mezani kwenye baraza tukakuta chupa ya chai ya tangawizi imefunikwa na kanga, na mkate wa kumimina nusu, na sahani ya vitumbua. Yule mama alishaondoka nyumbani kwake saa 3. Aliacha maana alijua mfungo unaishia wapi. Ule mkate wa kumimina, harufu ya hiliki, pembeni umeshika rangi, katikati laini wa kuvutika, tuliumaliza tumesimama.

Bafe ya Jumapili. Niigawe. Vilivyopikwa na yule mama: pilau ya ng'ombe ya binzari nyembamba ya kutosha, mchuzi wa kuku wa kienyeji, kachumbari, maharage ya nazi, vyote safi. Vilivyoletwa na sijui nani: saladi yenye mayonezi iliyokaa juani, soseji, chipsi za baridi, na "keki ya Pasaka" ambayo ni keki ya besdei wamefuta jina wakaandika Pasaka, ukiangalia vizuri unaona herufi ya H imebaki chini. Vyombo vya kupashia havikuwa na moto kwahiyo ukichelewa unakula baridi. Soda moja kwa kichwa, ya pili unalipia, kwenye tangazo hawakusema. Mbuzi alirudi siku hiyo, mbuzi halali wa Pasaka sasa, na mume wangu akanikumbusha kwamba Kutoka 12 inasema mnyama wa Pasaka achukuliwe kwenye kondoo au kwenye mbuzi, aya ya 5, amekariri, kwahiyo anakula Maandiko. Akaongeza mara mbili.

Sungura hatimaye alitokea, wa chokoleti, mkubwa kama kilo moja hivi, kakaa katikati ya meza ya bafe. Saa 7 mchana, Bagamoyo, Aprili, unyevu ule. Sikio moja likaanza kuinama. Watoto wamezunguka wanaangalia. Likaanguka kwenye soseji. La pili likafuata, uso ukashuka, ikabaki kama kinyago cha chura na mwanangu mdogo akapiga kelele ni yule wa bwawani! Hicho kipande peke yake kilikuwa na thamani ya elfu hamsini.

Wakati huo huo runinga ya mapokezi ilikuwa inaonyesha Roma, Papa Francis katoka kwenye roshani, sauti imekwisha, kasema Pasaka njema kwa shida, ujumbe akasomewa na mwingine. Alikuwa ametoka hospitali Machi tarehe 23 baada ya siku 38. Baadae akazungushwa kwenye gari katikati ya watu uwanjani. Yule mama alikuja na sinia la vikombe akasimama akaangalia. Akasema huyu mzee anaumwa, mbona hawamlazi. Nikamwambia ni Pasaka mama, hawezi kulala. Akatikisa kichwa akaenda na sinia lake.

Jumatatu tulitakiwa kutoa mizigo saa 4. Saa 5 kasoro mi bado nipo kaunta na bili. Wamenichaji soda tatu, sawa. Wamenichaji taulo la ufukweni moja limepotea, halijapotea lilikuwa kwenye buti la gari, sawa kosa langu. Alafu mstari wa chini: mayai ya Pasaka ya mapambo, 8, kila moja elfu 5, jumla elfu 40. Nikamuuliza meneja haya ni yapi. Akasema yale mama mliyopewa jikoni, ya mapambo. Nikamwambia kijana, yale nimeyapaka mwenyewe, kwa maganda ya vitunguu ya takataka yenu, kwa soksi zangu, jozi mbili, na tangazo lako limeandika mayai ya Pasaka kwa watoto yapo ndani ya pakeji. Akasema yaliyo ndani ya pakeji ni yale ya uani. Yale mabichi! Nikavuta pumzi nikasema leo ndo leo, nikaweka mkoba chini, na yule mama alikuwa ameshasikia anakuja kutoka jikoni anafuta mikono, alikuja kunitetea.

Simu ikaanza kutetemeka. Grupu la jumuiya yetu ya Tabata, ujumbe mmoja, wa pili, kumi, nikajua kuna msiba mtaani. Nikafungua. Katibu kaandika Baba Mtakatifu amefariki asubuhi hii. Chini yake mtu kaandika ni uongo, jana si tumemuona. Nikainua macho kwenye runinga na maandishi yalikuwa tayari yanapita chini. Jana tu alikuwa kwenye lile gari.

Meneja akageuka akaangalia na yeye, akapunguza muziki bila kuambiwa. Akazima kabisa. Hilo nampa, siku ile alijua. Yule mama akanishika mkono kwa mikono yake miwili yenye maji maji, akasema poleni sana mwanangu, poleni wote, mzee wa watu kangoja mpaka sikukuu yake ipite. Nikalia pale kaunta kama mtoto, mume wangu Mlutheri akachukua pochi akalipa kila kitu kilichoandikwa, akanipeleka kwenye gari.

Kwahiyo vyumba nyota mbili, bwawa sifuri, meneja nyota moja na nusu, ile nusu ni ya kuzima muziki. Jikoni nyota tano. Mkienda, pigeni simu kabla muulize kama yule mama yupo zamu, akiwa hayupo ahirisheni, semeni mapema kuhusu geti la usiku, na bebeni soksi za ziada. Na elfu 40 ya mayai bado nawadai.